Kasiksi ya Mkekani

Ubaya wa mchezo wa Placide ulikuwa kwamba mtu aliruhusiwa kuukataa. Watu wa Bukavu wa miaka ile walikuwa wamezoea kulazimishwa. Asubuhi ofisini walikata viuno na kuimba sifa za Chama kabla ya kugusa kalamu, Jumamosi walitoka na majembe kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka kando ya barabara, na hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Sasa anakuja kijana mwalimu wa sekondari, anatandika mkeka katikati ya sebule ya watu, anasema mwenye kutaka aingie acheze, asiyetaka abaki kwenye kiti chake. Mtu mwenye akili zake lazima ajiulize kuna nini.

Léopold alijiuliza sana. Alikuwa karani katika kampuni ya chai, mtu wa tahadhari, anayefunga dirisha kabla ya kulalamikia bei ya sukari. Alikubali mchezo uchezwe nyumbani kwake, mtaa wa Ibanda, kwa sababu moja tu: binti yake Marie-Louise alimwomba. Marie-Louise alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu Kisangani, na likizo ikiisha angeondoka. Mtoto wa pekee, na anaondoka. Ungemnyima nini?

Tena mada ya mchezo haikuwa na hatari. Ulihusu namna mababu walivyoomba mke. Serikali yenyewe ilikuwa inahubiri watu warudi kwa mababu. Ilikwisha kuwavua tai shingoni na majina ya ubatizo, hata Léopold alibaki kuwa Léopold nyumbani tu, ofisini ni citoyen, yaani mwananchi, kama wote. Nani angekasirikia mababu?

Basi Jumapili alasiri watu walijibana kwenye viti vya Maman Madeleine, mke wa Léopold, vile vyenye vitambaa vya kufumwa mgongoni. Kati yao alikuwamo Bisimwa, kaka mkubwa wa Léopold, aliyekuja kwa boti kutoka kisiwa cha Idjwi kung'olewa jino. Tangu baba yao afariki, neno la Bisimwa ndilo lililokuwa neno la ukoo mzima. Shavu lilikuwa limemvimba, na miguuni alivaa viatu vya zamani vya Léopold, vikubwa kuliko mguu wake, maana hakutaka marafiki wa mdogo wake wamwone na ndara za plastiki. Kila mtu alipocheka, mzee aliangalia viatu vyake.

Alikuwamo pia Lucien, mwenye duka kubwa la vitambaa mjini. Duka lile lilikuwa la mgeni mmoja, serikali ikamnyang'anya, ikampa Lucien. Waliogawiwa hivyo waliitwa acquéreurs, na watu walipolitaja neno hilo walishusha sauti. Lucien alikuwa mjane, amepita miaka arobaini, beji ya Chama kifuani. Ni yeye aliyeleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, iliyoiva sawasawa.

"Mababu habakukunywaka chai," alisema, watu wakacheka.

Placide akatandika mkeka. "Huu mukeka njo mulango," alieleza. "Mwenye kutaka anaingia, anakuwa mutu mwingine. Mwenye hataki anabakia ku kiti, hakuna mutu atamuuliza. Na maneno yenye inasemwa huku, inabakia huku."

Agnès, msichana aliyezoea kucheza bibi arusi, hakuja. Placide akauliza nani anataka, na Marie-Louise akaruka mkekani kabla mama yake hajafungua kinywa. Placide mwenyewe akawa msemaji wa upande wa mume. Alipouliza nani atakuwa mume, Lucien alikwisha simama, anajikung'uta suruali.

"Na baba wa binti?"

Macho yote yakamgeukia Léopold. Naye akafikiria viuno alivyokata Ijumaa mbele ya mkuu wake, jinsi vijana wa ofisi walivyomcheka pembeni. Jumapili pia?

"Miye niko naangalia tu," alisema, akajichimbia kitini.

Watu walicheka. Bisimwa akaangalia viatu vyake. Kisha akainama, akavivua, akavipanga kimoja kando ya kingine, akapanda mkekani peku.

Sebule ilinyamaza, maana mzee alisema vizuri ajabu. Alitaja babu, akataja baba wa babu, akauliza upande wa pili ni watu wa wapi na wamefuata nini. Lucien, bila kumngoja msemaji wake, alijibu kila swali kwa kituo, akataja ukoo wake bila kujikwaa. Mzee akavuta kasiksi kwa mrija, akampa Marie-Louise. Marie-Louise, huku akicheka, akavuta, na kama Placide alivyomnong'oneza, akampelekea Lucien kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Alirudi kwenye kiti chake, akavaa viatu, akauliza taratibu, "Ngombe italetwa siku gani?"

Walicheka mpaka machozi. Waliona mzee ana kipaji.

*

Alhamisi mkuu wa ofisi alimshika Léopold bega mbele ya wote. "Citoyen, kumbe unaoza mutoto na hausemi?" Léopold alitabasamu kwa sababu mkuu alikuwa anatabasamu. Aliporudi nyumbani alikuta mbuzi amefungwa kwenye mti wa maua ya Madeleine, na sebuleni ameketi shangazi wa Lucien pamoja na wazee wawili, wamekwisha kunywa chai.

"Tumekuja kufuata pombe yetu," shangazi alisema. "Papa ya ukoo alikunywa, mutoto alikunywa, alimupa bwana yake na mikono mbili. Batu balipiga mikono. Sasa tunataka siku ya ngombe."

"Maman, ule ulikuwa mchezo," Léopold alisema.

Shangazi alimgeukia Bisimwa, aliyekaa pembeni na pamba mdomoni, jino limetoka asubuhi ile. "Muzee, ulikuwa nacheza?"

Bisimwa alimtazama kana kwamba ametukanwa. Akatikisa kichwa: hapana.

Kuanzia hapo nyumba ile iliharibika. Madeleine alimwuliza mumewe kama hakuwa ameahidiwa cheo, maana inawezekanaje mtu akatae kucheza baba wa mtoto wake mwenyewe? Léopold alimwuliza mkewe kipande cha kitenge kipya alichoshona Pasaka kilitoka duka gani. Marie-Louise aliwasikiliza wote wawili, akawatazama mikononi na machoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua ni nani kati yao asiyeweza kumuuza. Hata Placide, alipopita kuulizia mkeka wake, aliachwa amesimama mlangoni.

"Ni nani alikutuma kwetu?" Léopold alimwuliza.

"Hakuna mutu, papa. Ni Marie-Louise alisema nyumba yenu iko na salon kubwa."

"Na Lucien, ni nani alimualika?"

Placide alifikiri. "Alisema maman alimualika."

"Na miye aliniambia ni weye mwalimu ulimualika," Madeleine alidakia kutoka jikoni. Kisha mwiko ukabaki hewani.

*

Madeleine hakuwa mjinga, ila alipenda kusikilizwa. Kesho yake alikwenda kumngoja Agnès kwenye mlango wa kanisa, baada ya misa ya asubuhi. Agnès alikuwa muuzaji katika duka la Lucien. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelifikiria.

"Jumapili haukukuja kucheza."

"Patron alinibakisha ku magasin, maman. Alisema nipange vitambaa. Jumapili! Na duka imefungwa. Nilipanga, nikamaliza, akasema nipange tena, kisha yeye akaenda."

Madeleine alishukuru, akaondoka bila kuaga vizuri. Alikumbuka siku moja kwenye kaunta ya duka lile. Lucien alimhudumia kabla ya wanawake wengine, akamvutia kiti, akamwuliza habari za familia. Na yeye, kwa furaha ya kukalia kiti wakati wenzake wamesimama, alimwambia yote: mtoto anakwenda Kisangani, kijana mwalimu ataleta mchezo, shemeji mkubwa atatoka Idjwi juma lile lile kwa ajili ya jino. Hakuuza mtoto. Alimtoa bure, kwa sababu ya kiti.

Alimwambia mumewe siku hiyo hiyo, akilia. Léopold hakumkemea. Alivaa abakosi yake, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akaenda kumkabili Lucien dukani. Njiani alijipangia maneno makali, na alipofika mlangoni maneno hayo yalikwisha kuwa laini.

"Citoyen, tuko batu bazima. Ulimubakisha Agnès. Unajua ilikuwa teatre."

Lucien alikuwa anakunja kitambaa. Hakuinua hata kichwa. "Teatre? Nani alikupa ruhusa ya kukusanya batu mu nyumba na kucheza teatre?"

Léopold aligeuka kuangalia kama kuna mtu mlangoni.

"Uangalie," Lucien aliendelea kwa upole. "Kama batu balikuja kuomba bibi, hakuna shida, iko mambo ya famille. Lakini kama ilikuwa teatre, ku commune batauliza karatasi iko wapi. Batauliza balikuwa nasema nini mule ndani, milango imefungwa. Weye uko mutu wa bureau, unajua vile inaanzaka. Miye nitasema nini? Nitaongopea Chama?" Akamtolea tabasamu. "Jumapili tunakuja. Tutasikia vile utaniambia: ilikuwa posa, ao ilikuwa teatre."

Léopold alirudi kwa miguu. Akisema posa, anampoteza mtoto. Akisema mchezo, anapoteza kazi, na pengine zaidi ya kazi. Alijichukia. Alijichukia hasa kwa sababu sehemu moja ya akili yake ilikuwa imeanza kuhesabu mema ya Lucien: duka, nyumba, gari.

*

Marie-Louise aliacha kuwauliza wazazi. Alipika uji mwepesi, akampelekea baba yake mkubwa barazani, pale panapoonekana ziwa. Mzee alikula upande mmoja wa mdomo. Kwa mbali Idjwi ilionekana kama moshi tu.

"Papa mukubwa, kweli haukujua ilikuwa mchezo?"

"Ule mwalimu alisema mwenye kutaka aingie. Miye nilitaka." Alipuliza kijiko. "Mutoto, usikie. Nimefika huku, naona baba yako kila asubuhi anaenda kuimba na kucheza, anasema anafurahi. Hafurahi. Nikasema, basi, mu ville iko hivi: yenye banaita kazi, iko mchezo. Sasa Jumapili naona pombe ya kweli. Naona mutoto ya kweli. Naona bwana anataja ukoo yake ya kweli. Na banaita mchezo. Nikasema, batu ba huku banaogopa, kitu ya kweli banaifichaka mu mchezo. Na baba yako naye anajificha. Nani atamusemea mutoto? Nikavua viatu."

Marie-Louise alikuwa amejiandaa kumkasirikia mtu mshamba, na mtu mwenyewe alikuwa ameiona nyumba yao vizuri kuliko wao.

"Tena ulikunywa," mzee alisema. "Ulikuwa nacheka. Nilifikiri unamupenda."

"Nilikuwa nacheza mutu mwenye anapenda."

"Na miye nitajuaje?"

Aliuliza kwa uchungu wa kweli, akitaka ajibiwe. Marie-Louise alilia. Alisema hamtaki Lucien, hajawahi kumtaka, anataka Kisangani, anataka kusoma, na kama watamlazimisha atakwenda lakini wasimwambie tena kwamba aliruhusiwa kuchagua. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Ku Idjwi," alisema baadaye, "batu bakipigana juu ya shamba, bananiita. Nikisema mupaka iko hapa, banaenda kulima. Habaombi karatasi. Unajua juu ya nini?"

Marie-Louise alitikisa kichwa.

"Juu sijasemaka kitu, kisha nikasema kingine."

Akamrudishia bakuli. Uji ulikuwa umebaki nusu, na binti aliuchukua kama jibu: mzee amekataa. Alikwenda chumbani, akatoa nguo za Kisangani kwenye sanduku, akazirudisha kabatini moja moja.

*

Jumapili walikuja. Lucien, shangazi yake, wale wazee wawili, na mbuzi wa pili. Majirani walisimama kwenye ua, maana habari ilikwisha kuzunguka. Placide alikuwapo pia. Léopold alimwita aje kushuhudia, lakini alipomwona Lucien na beji yake, kijana alisimama karibu na mlango akawa kama amekuja kuulizia njia.

Shangazi alisema aliyokuja kusema. Kisha Lucien akageuka. "Papa Léopold, tunakusikiliza. Ilikuwa kuomba bibi, ao ilikuwa kitu ingine?"

Léopold alifungua kinywa. Aliona sura ya mkuu wake. Akaona sura ya binti yake. Kinywa kilibaki wazi, hakikutoka kitu, na watu wote waliona kwamba hakitoki kitu. Marie-Louise aliinamisha macho ili asimwone baba yake akiwa hivyo.

"Placide," sauti ya Bisimwa ilitoka pembeni, "tandika mukeka yako."

"Muzee?"

"Nimesema tandika."

Mkeka ulikuwa bado umekunjwa nyuma ya kabati tangu siku ile. Placide akautandika. Bisimwa akasimama, akaupanda. Léopold alishtuka kuona kwamba safari hii kaka yake hakuvua viatu. Alikanyaga mkeka wa watu na viatu vya ofisi, mtu ambaye nyumbani kwake angemfukuza mtoto kwa kosa hilo.

"Muniulize miye," mzee alisema. "Baba ya mutoto siku ile alikuwa ku kiti. Batu bote balimuona. Alikataa kuingia."

"Muzee, ulikunywa ao haukukunywa?" Lucien aliuliza.

"Nilikunywa. Jino ilikuwa inaniuma, na pombe ilikuwa karibu."

Mtu mmoja uani alicheka. Mzee hakuangalia viatu vyake. Alingoja kicheko kiishe.

"Nilikuwa nacheza," alisema.

"Alhamisi ulitikisa kichwa ukasema hapana!" shangazi alipaza sauti.

"Nilikuwa na pamba mu kinywa. Nilikuwa bado nacheza. Miye napendaka mchezo sana." Uso wake ulikuwa mkavu, jasho linamtoka kwenye paji. "Babu zangu nilibataja kwa mchezo. Ngombe niliuliza kwa mchezo. Muzee mujinga wa Idjwi ameona pombe ya bure, akacheza. Munaweza kucheka."

Na walicheka, kweli. Uani walicheka wakapigana mabega, na hata mmoja wa wazee wa Lucien aliuma mdomo. Marie-Louise peke yake alilitazama lile jasho.

Lucien hakucheka. "Basi ilikuwa teatre," alisema polepole. "Bila ruhusa."

"Bila ruhusa. Na batu ni miye niliita. Uende useme ku commune: Bisimwa wa Idjwi, alikusanya batu, akacheza teatre. Baandike jina yangu. Bakinitafuta, boti iko, baje." Akamsogelea hatua moja, viatu vinapwaya. "Na bakiuliza nani alileta pombe, na nani alicheza bwana-arusi, utaitika weye mwenyewe. Ulicheza muzuri, citoyen. Hata miye niliamini."

Shangazi wa Lucien aliweka kiganja mdomoni, lakini kicheko kilimponyoka kupitia puani. Hicho ndicho kilichommaliza Lucien. Maneno ya mzee angeyajibu. Kicheko cha shangazi yake hakukuwa na pa kukipeleka. Alisimama, akajikung'uta suruali, akatoka. Wazee walimfuata. Mbuzi wote wawili waligoma langoni, ikabidi wasukumwe kwa nyuma mbele ya majirani wote.

Hakuna aliyejua kama Lucien angekwenda kwenye ofisi ya commune. Kwa miezi mingi baadaye Léopold angeshtuka kila gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba. Lakini saa ile Madeleine alikuwa amemkumbatia binti yake, wote wawili wanalia, na Placide pale mlangoni, machozi yakimlenga, akaanza kupiga makofi. Majirani wakamfuata. Makofi yakajaa nyumba nzima.

Bisimwa alikuwa bado amesimama mkekani. Akainua mkono.

"Musinipigie mikono," alisema. "Miye sikucheza. Nimeongopa."

Makofi yakafa moja moja. Léopold alimwendea, akitaka kumshika mkono, kumshukuru, kumwomba msamaha, hakujua aanze na lipi. "Yaya..." alisema, kama alivyomwita kaka yake utotoni. Mzee alipita kando yake, akaketi, akavua vile viatu, akavipanga mlangoni kimoja kando ya kingine.

"Niletee ndara zangu," alimwambia Marie-Louise.

Alimletea, akapiga magoti kumvisha, naye mzee akamwacha amvishe. "Kisangani bakikuuliza ukoo yako," alisema kwa sauti ya chini, "utaje baba yako. Miye usinitaje. Neno yangu nimeimaliza hapa."

Kisha akauliza boti ya Idjwi inaondoka saa ngapi. Marie-Louise alimbebea mzigo wake mdogo mpaka bandarini. Njia nzima mzee alitangulia mbele, na watoto wa mtaani waliokwisha kusikia habari walimwita, "Muzee wa teatre! Muzee wa teatre!" naye hakugeuka.